Fundo Lililofundishwa kwa Kutazamana

Leo sianzi na mkulima wala mchunga kondoo. Hao mmeshawasikia mpaka mmewachoka, na wao wenyewe nadhani wameshachoka kuhubiriwa. Leo naanza na uzi. Na ninyi wanaume mlioegemea ukuta kule nyuma, msiseme haya ni mambo ya akina mama mkaanza kusinzia, maana nikimaliza nitafika hukohuko mliko.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akitengeneza mikufu ya shanga. Kutunga shanga si kazi ya ajabu, hata mtoto ukimpa uzi na sindano atakutungia kitu cha kuvaa. Sifa ya mama huyu ilikuwa kwenye fundo. Mikufu yake haikuwa na kishikizo cha chuma. Pale mbele, chini kidogo ya koo, nyuzi mbili nene za rangi zilikutana, zikapindana na kuzungukana, zikatoka zimechanua ua. Na ua hilo halikuwa pambo tu. Ndilo lililobeba mkufu mzima. Likishika, binti ataurithi mkufu kwa mama na kumpa mjukuu. Likilegea, shanga zote ziko sakafuni.

Sasa, nyumba ya mama huyu ilikuwa na desturi yake. Binti wa nyumba akiolewa, mkufu wake wa harusi haufungwi na mama mzazi. Unafungwa na mke wa kaka yake, yaani wifi yake, asubuhi ile ya harusi, mbele ya shangazi wote wamekaa wanatazama. Walikuwa wakisema hivi: aliyekuja hapa kutoka kwao ndiye anayejua uchungu wa kuondoka kwenu, basi yeye ndiye amfunge anayeondoka. Desturi nzuri, sivyo? Nzuri sana, mpaka ifike zamu ya mtu asiyejua kufunga.

Mama huyu alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu, na huyo alikuwa ameoa mbali. Mkamwana wake, mke wa huyo mwanawe, alikuwa binti mpole, wa watu wenye heshima zao, lakini kwao shanga zilikuwa za kununua dukani. Alipoolewa hakujua fundo wala nusu ya fundo. Na kabla hajamaliza hata mwaka katika nyumba ile, binti wa nyumba akachumbiwa, na tarehe ikapangwa. Bibi harusi mtarajiwa akamjia jikoni, akamshika mikono yote miwili yenye unga, akamwambia kwamba yeye hana wifi mwingine duniani, basi asimwangushe. Mkamwana akacheka, akasema atajitahidi. Alipobaki peke yake akaitazama mikono yake, na kicheko kikamwishia.

Jumatatu ya juma la harusi wakaanza masomo. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda chake karibu na dirisha, nyuzi ziko mapajani. Mkamwana akatandika mkeka upande wa mlangoni, akakaa kumwelekea, miguu ameikunja vizuri, macho yako kwenye mikono ya mama. Na kwa nini alikaa mbali vile? Adabu, ndugu zangu. Kwao, mama wa mume hukai naye bega kwa bega kama shoga yako. Unakaa mbele yake, chini kidogo, unamtazama, unapokea. Alifundishwa hivyo tangu utoto, na aliona angekaa vingine angewatukanisha wazazi wake.

Mama mkwe akaanza. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema uzi wa kulia utangulie juu ya mwenzake, upite nyuma, uingie kwenye tundu la kushoto. Mkamwana akafanya. Akasema sasa wa kushoto nao, upite chini ya ule wa kulia. Mkamwana akafanya. Kisha mama mkwe, kama walivyo mafundi wote wa dunia hii, akafika mahali ambapo vidole vinajua kuliko mdomo, akaacha kueleza. Akawa anasema tu, kisha hivi, kisha hivi, halafu hivi, umeona? Mkamwana akasema ameona mama. Akafanya hivi, na hivi, na hivi, kama alivyoona.

Mafundo yote mawili yakawa tayari. La mama mkwe lilikuwa ua. La mkamwana nalo lilikuwa ua, kwa macho. Mama mkwe akasema, haya, tuvute. Akavuta la kwake, likakaza. Mkamwana akavuta la kwake, na ua likanyauka pale pale, likatoka limejinyonganyonga kama utumbo wa kuku.

Wakarudia. Mama mkwe akasema maneno yaleyale, sasa polepole zaidi. Mkamwana akafanya mambo yaleyale, kwa makini zaidi. Utumbo wa kuku. Mama mkwe akamwambia asitazame pembeni, atazame mikono yake. Akaitazama ile mikono hata akasahau kupepesa, na katika kutazama huko maneno yakampita, na fundo likaharibika mapema zaidi. Mama mkwe akamwambia basi asikilize anachoambiwa. Akasikiliza, akainamisha kichwa, nalo likaharibika baadaye kidogo. Sasa atazame au asikilize? Akifuata macho, anakosea. Akifuata masikio, anafika katikati anakosea. Alianza kuhisi kichwa kinamzunguka, hata hajui tena kama ameshika uzi au uzi umemshika yeye.

Je, aliuliza? Hakuuliza. Mnajua methali, kuuliza si ujinga, na mnajua pia jinsi tunavyomtazama mtu akiuliza mara ya tatu. Alisema, nimeelewa mama, ahsante mama, akakunja mkeka wake.

Akawa anajifunza peke yake. Alifunga kamba ya katani, akafunga ukingo wa khanga, akafunga hadi kamba za viatu vya mumewe. Mume alipotaka kwenda kazini akakuta viatu vimefungana, akahangaika navyo pale kizingitini hadi akavaa ndala. Akamwambia mkewe kwa utani kwamba fundo lile limeshika vizuri mno, ampelekee mama akalione. Mke hakucheka. Ndilo lililokuwa likimchanganya kabisa: lile asilolitaka linashika, lile analolitaka linafunguka. Alijiuliza kama kuna mtu aliyezaliwa na mikono miwili na bado hana mikono.

Basi hapo ndipo jirani akaingia. Jirani hakosekani, hata katika mfano wa mahubiri. Akamkuta mkamwana uani na vipande vya uzi, akauliza habari, akaambiwa. Jirani akacheka kidogo puani, akamwambia, mdogo wangu, wewe ni mtu mzima, fundi hampi mtu siri yake yote. Kuna mzunguko mmoja anakuficha. Wewe ni mtu wa kuja, leo uko hapa kesho huenda umerudi kwenu, akupe siri ya nyumba kwa sababu gani?

Neno hilo lilimwingia, likakaa. Na lilimwingia kwa sababu lilimpa nafuu. Ndugu zangu, mtu aliyechanganyikiwa anatamani sana maelezo, na maelezo matamu kuliko yote ni yale yanayosema kosa ni la mwingine. Kuanzia siku ile hakwenda tena mkekani kujifunza, alikwenda kuvizia. Alitazama kidole gumba cha mama mkwe: kinaficha nini? Alitazama anavyogeuza mkono: anageuza ili nisione? Kila mama mkwe alipokohoa yeye aliona ni ujanja. Na fundo liliendelea kufunguka.

Ikafika Alhamisi. Shangazi wawili wakawa wamekwisha kufika kwa ajili ya harusi, wamekaa kitandani chumbani humo, wanakunywa chai. Mama mkwe akasema leo tusitumie nyuzi tupu, tufunge mkufu wenyewe tuone. Akautoa. Shanga nyekundu na nyeupe, safu juu ya safu, kazi ya miezi. Akamkabidhi mkamwana zile nyuzi mbili. Mkamwana akafunga, jasho linamtoka, na ua likachanua, likapendeza, hata shangazi mmoja akaanza kusifu. Kisha akavuta.

Shanga zilimwagika chumba kizima. Zilikwenda chini ya kitanda, chini ya kabati, nyingine zikatoka mlangoni zikashuka ngazi. Kila mtu akazisikiliza zinavyoruka. Shangazi mkubwa akaweka kikombe chake chini, akasema ile methali yetu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali tamu sana hiyo, hasa ukiwa wewe ndiye mkuu.

Mkamwana akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Na aibu ikikosa mahali pa kwenda hugeuka hasira. Akaweka uzi chini, akasema kwa sauti ndogo:

"Mama, kama nimekukosea niambie nikuombe radhi. Lakini usinifiche fundo. Jumamosi nitasimama mbele ya watu."

Mama mkwe akabaki mdomo wazi. "Nikufiche? Nikuficheje kitu ambacho kila siku nakifanya mbele ya macho yako?"

"Basi mbona kwako linashika?"

 Mama mkwe na yeye alikuwa amechanganyikiwa vilevile. Kisha akasema yaliyomkaa moyoni tangu mwanzo wa juma, na alisema bila ukali. "Mimi nilidhani hutaki. Nilijiambia, mke wa mwanangu anaona kazi yangu ni ya kishamba. Unakaa kule mlangoni kama mgeni anayengoja kuaga."

Mnaona walipofika? Mmoja alikaa mbali kwa heshima, mwenzake akaona dharau. Mmoja alifundisha kwa moyo wote, mwenzake akaona uchoyo. Wote wawili wanapendana, na kila mmoja yuko tayari kuapa kwamba mwenzake ana roho mbaya. Na nyumba nyingi, ndugu zangu, huishia hapa hapa. Wangeweza kuishia hapo miaka thelathini, wakipeana shikamoo na marahaba kila asubuhi.

Lakini shanga zilikuwa sakafuni, na harusi ni Jumamosi. Kununa kusingeziokota. Wakapiga magoti wote wawili wakaanza kuokota. Mama mkwe akatambaa akiokota, akitambaa, mpaka akafika upande wa mlangoni, na kiuno kikamkatalia. Hakuweza kuinuka. Akajikokota akakaa kwenye mkeka wa mkamwana, akaegemea mlango, akashusha pumzi. Akamwambia mkamwana akae kule dirishani kwenye kigoda, achukue nyuzi, afunge tena, yeye atamtazama. Mkamwana hakutaka kukalia kigoda cha mama wa mumewe. Akaambiwa akae. Akakaa kwenye ukingo.

"Haya. Uzi wa kulia utangulie."

Mkamwana akainua uzi wa kulia.

"Si huo. Wa kulia."

Mkamwana akautazama uzi, akautazama mkono wake. "Huu ndio wa kulia, mama."

"Nakuambia si huo. Huo hapo mwingine," na mama mkwe akanyoosha kidole chake akimwonyesha, na kidole kikaelekea kwenye uzi wa kushoto wa mkamwana.

 Shangazi wakaacha chai yao. Mama mkwe alikiangalia kidole chake mwenyewe kikiwa bado kimenyooka. Akainua mkono wake wa kulia, akautazama. Akautazama mkono wa kulia wa mkamwana, ule kule ng'ambo. Akasema aendelee. Mkamwana akaendelea, na mama mkwe akajaribu kufuata kwa macho lile fundo alilolifunga tangu ujana wake, fundo analoweza kulifunga huku anapiga soga na jirani, na akapotea. Alipotea kwenye mzunguko wa pili. Hakujua tena upi unatoka wapi.

"Mwanangu," akasema, "tangu Jumatatu ulikuwa unaona hivi?"

"Ndiyo, mama."

Mama mkwe hakucheka. Alijifunika uso kwa upande wa khanga. Kwa maana alikwisha kuelewa. Kila alichokisema kwa mdomo, kulia na kushoto, binti alikifanya kwa kulia na kushoto kwake mwenyewe, na hapo alikuwa sahihi. Na kila alichokionyesha kwa mikono, kisha hivi kisha hivi, binti alikifanya kama alivyokiona kutoka ng'ambo, na kutoka ng'ambo kila kitu kimegeuka. Nusu ya kwanza ya fundo ilikwenda huku, nusu ya pili ikaenda kule. Hakuna fundo duniani litakaloshika hivyo. Na kadiri binti alivyozidi kuwa mtiifu, ndivyo alivyozidi kukosea.

Mama mkwe akajisogeza, akapigapiga mkeka pale ubavuni pake. Akamwambia aje hapa. Mkamwana akasita, unajua tena, shangazi wako pale wanatazama. Mama mkwe akamwambia, "Njoo tu. Adabu hiyo tutaichukua tena Jumapili." Basi akaja, akakaa bega kwa bega na mama wa mumewe, wote wakiangalia upande mmoja, mkono wa kulia pamoja na mkono wa kulia. Na kabla chai ya shangazi haijapoa, fundo lilikaza.

Najua mnachotaka kuuliza. Mnataka kujua ya Jumamosi. Ijumaa nzima walizitunga shanga upya, shangazi nao wakisaidia, na Jumamosi alifunga mbele ya ukoo mzima, na fundo likashika. Bibi harusi akacheza hata viatu vikamtoka, na hakuna ushanga hata mmoja ulioanguka. Haya, mmeridhika. Sasa nipeni masikio.

Nimewaona mkitikisa vichwa. Nimewaona hasa wazee wangu wa kanisa hapa mbele. Mnajiambia, kweli kabisa, vijana wa siku hizi hawakai karibu na wakubwa wao, ndiyo maana hawajui kitu. Mmeshaugeuza mfano wangu kuwa fimbo ya kumchapia mkamwana. Subirini kidogo. Katika chumba kile, ni nani aliyehama kwanza?

Ni mama mkwe. Na hakuhama kwa hekima, alihama kwa sababu kiuno kilimkatalia. Bila shanga kumwagika, bila maumivu yale, angebaki kwenye kigoda chake, kwenye mwanga mzuri wa dirisha, akifundisha kwa usahihi kabisa jambo ambalo mwenzake haoni. Na leo angekuwa anawasimulia watu kwamba mkamwana wake ni mzito. Ndugu zangu, sisi si yule binti. Sisi ni yule mama.

Sisi ndio tunaowafundisha watoto kusali tukiwa tumekaa ng'ambo. Tunamwambia kijana, Mungu ni mwema, hayo ni maneno. Kisha nyumbani tunamwonyesha kisha hivi, kisha hivi, umeona? Naye ameona, ameona kila kitu, ameona tunavyomjibu mama yake. Anafunga imani yake nusu kwa alichosikia na nusu kwa alichoona, na siku maisha yanapovuta, inafunguka yote. Nasi tunaketi na vikombe vyetu tunasema, nimemwambia mara ngapi huyu? Umemwambia, nani amebisha? Nakuuliza ulikuwa umekaa wapi ulipomwambia.

Mungu wetu alikuwa na kila haki ya kubaki juu akituelekeza. Maneno yake yalikuwa sahihi, amri zake hazikuwa na kosa, na sisi tulikuwa tunazikoroga kizazi baada ya kizazi. Je, alisema watu hawa ni wazito? Alishuka. Alikuja akakaa kwenye mkeka wetu, akawa na njaa upande huu, akalia upande huu, akafundisha akiangalia tunakoangalia. Hakusubiri kiuno kimuume ndipo ahame.

Basi ninyi wa ukutani nimewafikia sasa, na wa mbele, na mimi ninayesema. Nyumbani kwako kuna mtu umeshampa jina. Mkaidi. Mzito. Asiyefundishika. Pengine ni mkeo, pengine ni mwanao, pengine ni mama yako mzee anayekuuliza jambo lilelile kila siku. Leo jioni, kabla hujamwita jina hilo tena, nenda ukakae pale anapokaa yeye, uyatazame mambo kutoka hapo, uone kama wewe mwenyewe utajua mkono wa kulia ni upi.